Hewa ya Moto

Barabara ya Gerezani ilikuwa imegeuka mto, na Badria alifunga breki ukingoni. Maji yale yangefika kwenye bampa, na mdomo wa bomba la hewa ya injini ulikuwa huko huko chini.

Bomba alilifunga mwenyewe, injini ivute hewa baridi ya nje badala ya ile ya moto iliyojaa chini ya boneti. Gari likawa jepesi, linaruka. Leo lingevuta maji, na injini ikinywa maji imekufa.

"Dada, twende! Mtoto anatoka!" mdogo wake alilia kutoka kiti cha nyuma. Hospitali ilikuwa ng'ambo.

Badria akazima gari, akafungua boneti. Joto likampiga usoni. Klipu iliyobana bomba ilikuwa ya moto. Akazungushia mkono mtandio, akavuta. Wapi! Akautupa mtandio, akaing'ang'ania kwa vidole vitupu mpaka ngozi ikabaki pale.

Bomba likang'oka.

Akafunga boneti, akarudi kwenye usukani, akawasha. Injini ikakohoa, kisha ikaanza kuvuta hewa ya moto ya chini ya boneti, juu ya usawa wa maji, ikinguruma kwa uzito.

"Nishike bega," akamwambia mdogo wake, akaliingiza gari majini.