Mlipuko wa Nane

Vidole saba. Sikio alitoka msituni ameviinua juu, na wanaume kumi na wawili waliokwisha kushika sururu wakaguna.

Saa sita mchana, kule chini kwenye machimbo ya mawe, wote walikuwa wamehesabu nane. Matundu nane yamejazwa baruti, nane zimelia, kazi iendelee. Lakini sheria ya machimbo haikuwa na mzaha. Shimoni mwangwi hugonga kuta ukadanganya watu, kwa hiyo mtu mmoja hukaa ndani ya msitu, peke yake, akahesabu kutoka mbali. Hesabu zisipolingana, hakuna anayeshuka. Tundu lililokataa kulipuka huwa linasubiri sururu ya kwanza.

Miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Sikio. Aliujua msitu kuliko alivyowajua watu. Kiangazi, matawi yakiwa mifupa mitupu, mlipuko huja mzima mzima kama kofi. Masika majani huunywa, ukafika umechoka, mzito, wa chini chini. Aliketi penye mti mmoja siku zote, mgongo na kiganja vimekaza shinani, macho kayafumba. Hakuna aliyewahi kwenda kukaa naye. Wenzake walisema anaringa: unamsalimia njiani, anakupita kama jiwe.

Msimamizi alipanda kumfuata, uso umemwiva. Sikio akamkazia macho mdomoni.

"Mzee wangu, haya ni masika. Majani yamekumezea mmoja. Sema nane, twende zetu."

"Saba."

"Sote tumesikia nane. Au masikio umeumbiwa wewe tu?"

"Saba."

Msimamizi akamsogelea, akamwambia neno moja moja kwamba watasubiri saa nzima kama sheria inavyotaka, kisha fundi wa baruti atakwenda kukagua. Akikuta yote nane yamelipuka, Sikio asionekane hapo kesho.

Nje ya kazi hii hakuwa na mahali pengine ambapo mtu yeyote alimhitaji. Kidole kimoja tu cha kuongeza, na kesho ingekuwa yake. Akawatazama wale kumi na wawili, wengi wao baba za watoto wachanga, wakimcheka kwa meno yote. Akakunja mikono kifuani, akangoja.

Saa ilipotimia, fundi alishuka peke yake. Alikawia. Aliporudi, midomo ilikuwa imemkauka. Tundu la mwisho lilikuwa zima, limeshiba baruti, waya wake umekatika.

Sururu zikawekwa chini, moja baada ya nyingine. Msimamizi akavua kofia. Walimwita Sikio wamshukuru, wakamwita tena, lakini alikuwa ameshawapa mgongo na kushika njia ya kwao. Wakamwacha aende na majivuno yake. Leo alikuwa na haki nayo.

Nyumbani, binti yake alimgusa bega, akachukua chaki na ule ubao mdogo waliokuwa wakiutumia tangu mwaka jana. Akaandika:

"Baba, saa sita ilipiga radi, moja tu, nyumba nzima tukaruka. Huko msituni uliihisi?"

Akasoma, akatikisa kichwa kukataa.