Tawi la Binti

Mlimao wa Bi Mashavu ulikuwa na tawi moja la ajabu, majani yenye mabaka meupe, malimau yenye mistari. Marehemu binti yake ndiye aliyeligundua, akaliita lake.

“Shemeji, lile tawi gonjwa nimekukatia,” alisema Kombo, akifuta panga. “Nimeshalichoma.”

Bi Mashavu hakumgombeza. Mbegu za tawi lile alishazipanda makoponi. Akampelekea bwana shamba miche yote, nayo kijani kitupu, bila baka hata moja.

“Mistari haiji kwa mbegu, mama. Ungeniletea kijiti cha tawi lenyewe nikakibebesha, nikakiunga kwenye mlimao mwingine.”

Akarudi, akachakura jivu, akaokota kijiti kilichoungua. Akakitia kwenye kikombe cha binti yake chenye maji. Maji yakawa meusi. Akayamwaga, akatia mengine.