Kikao cha Mwisho cha Mkamburi

Jumanne, tarehe 14 Machi 2051, mke wangu Mkamburi alifia mezani kwetu, akiwa kwenye kikao cha video cha ofisi yao. Wakubwa ndio walioamua: mfanyakazi akitaja ugonjwa, mtambo unakata sauti na kumfunika uso kwa ukungu, eti siri yake isivuje. Wenzake wanane waliona midomo ikicheza, kisha ukungu. Wakaendelea na kikao. Mimi nilikuwa uani nafua.

Nilienda kuomba rekodi, nisikie alisema nini.

“Pole, mzee. Hiyo ni siri ya mgonjwa,” bosi wake akaniambia.

“Mgonjwa yupi? Si nimeshamzika!”

“Sheria inamlinda.”

“Inamlinda na nani, mama? Na mumewe?”

Akanifungulia mlango nitoke. Huenda Mkamburi aliniita. Sasa maneno yale wanamwekea nani?