Ufa Chini ya Kucha

Sonara alipoiweka pete chini ya lenzi, aliinama kuitazama tena. Almasi ile aliijua.

Miaka kumi na miwili nyuma bwana harusi mmoja alimuuliza, "Fundi, huu mstari mweupe ndani hauna madhara?"

Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele. Ufa ulio katikati ya jiwe hauna neno, lakini ule ulifika mpaka ukingoni, na wa namna hiyo hungoja kubanwa tu. Sonara, ulimi mwepesi kama kawaida yake, akajibu, "Hili hata nyundo hailiwezi." Kisha akauficha chini ya moja ya zile kucha nne za dhahabu zinazoshika jiwe.

Sasa kucha ile ile ndiyo iliyolegea.

"Nibanie tu, kaka," alisema mjane wa bwana harusi yule. "Tumemzika juzi. Ndugu zake walikuwa wakimwambia umempiga, umemuuzia jiwe bovu. Alikutetea mpaka siku ya mwisho."

Hapo ndipo angesema. Alifungua mdomo, akamwona mama wa watu anavyomtazama, akaufunga.

"Dakika moja, dada."

Akashika koleo, akaibana kucha polepole, kwa huruma, kama anayekamua jipu la mtoto.

Tik.

Kitu kidogo kikaruka, kikamchoma shavuni, kikapotelea sakafuni. Sonara akaifumbata pete kiganjani.

"Imekaza?" aliuliza mjane. Alikuwa ameshanyoosha kidole.