Bi Yes

"Chakula hakijaiva?" Profesa alimuuliza mkewe kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Yes," akajibu mkewe kutoka mlango wa jikoni.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Walikuwamo wanafunzi wa Profesa wa darasa la jioni la Kiingereza, watu wazima na ndevu zao, wamebanana kwenye makochi. Alikuwamo dada yake Profesa, wifi mtu, ambaye ukimnyima umbea anaumwa kichwa. Na kwenye kiti kizuri kuliko vyote alikaa mgeni wa heshima, mama mmoja mkaguzi wa vyuo vya lugha, aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni na Kiswahili hajui hata salamu. Kwa ajili yake, siku hiyo hata paka alisemeshwa kizungu.

"Mmemsikia?" Profesa akawageukia watu wake. "Sisi ukiulizwa 'hujala?' unajibu 'ndiyo', yaani kweli, sijala. Mwingereza hana mambo hayo. Kwake 'Yes' ni umekula, 'No' ni hujala, swali likae litakavyo. Kitu kidogo hivyo! Huyu wangu ananipitia na chai katikati ya somo miaka nenda miaka rudi, na bado hakijamwingia."

"Kitaingilia wapi, kaka, na masikio yamejaa pamba za cherehani?" akadakia wifi.

Wakacheka tena. Mkewe akarudi jikoni, akatoka na sinia la chakula, mvuke unafuka, akaanza kupakua. Akaanzia kwa mgeni.

Mtaani walimwita Bi Yes, na jina alipewa na mumewe huyohuyo. Yeye ni fundi wa nguo. Zamani mteja mmoja wa kigeni alikuja kuchukua gauni, akauliza kwa Kiingereza, halijawa tayari? Gauni lilikuwa bado halina hata mikono. Bi Yes akasema "Yes". Mteja akavuta kiti, akakaa kulisubiri mpaka akasinzia. Mume mwenye haya angelimezea. Profesa aliitembeza habari hiyo kwa kinyozi, dukani, hadi msibani. Na uprofesa wenyewe ulikuwa wa kupachikwa. Chuo kikuu alikijua kwa geti.

Halafu likatokea tangazo. Jumba moja la maigizo huko ng'ambo lilitafuta mafundi wa kushona mavazi ya waigizaji, mkataba wa miaka miwili, usaili kwa Kiingereza. Bi Yes hakuwahi kutamani kitu maishani kama alivyoitamani kazi ile. Alishona joho la mfalme kwa mapazia makuukuu, akalitundika ukutani juu ya cherehani, na kila akipumzisha mguu alikuwa analitazama.

Profesa alipojua, alimcheka mbele ya watu hawahawa.

"Wewe? Watakuuliza huwezi kushona, useme 'Yes', wakurudishe na teksi ileile iliyokupeleka! Haya, nenda. Ukipita, hawa mashahidi, mimi sikuzuii."

Tangu hapo Bi Yes hakulitaja tena jambo lile. Joho nalo likashushwa ukutani. Wifi akatangaza mtaa mzima kwamba mgonjwa amepona.

Sasa walikuwa wanakula, na wifi alishaanza kuchoka na amani.

"Kaka, hebu muulize ile habari ya ng'ambo. Na mgeni naye acheke kidogo, mbona amenuna?"

Mgeni hakuwa amenuna. Alikuwa anakitazama chakula kwenye sahani yake, kisha anamtazama aliyekileta.

Profesa akafuta mdomo, akajiweka sawa, akaongea Kiingereza chake cha kuvalia tai.

"Mke wangu, hukwenda kwenye ule usaili?"

Bi Yes akasimama na upawa mkononi.

"Yes."

"Ha!" Profesa akapiga paja. "Anataka kusema 'No', jamani! Hakwenda! Mtu haendi, na kutokwenda kwenyewe hajui kukusema!"

"Mtandike jingine, mwalimu!" akapaza sauti mwanafunzi mmoja wa nyuma, yeye mwenyewe akiwa anarudia darasa.

"Kwa hiyo hawakukuchukua?" Profesa akauliza kwa kizungu kilekile.

"Yes."

Mmoja akapaliwa na chakula, ikabidi apigwe mgongoni. Wifi alikuwa ameinamia meza, mabega yanamtikisika. "Jamani Bi Yes, utatuua! Si bora ukae kimya tu, mama, ujisitiri?"

Bi Yes hakukaa kimya, wala hakuinamisha kichwa. Alimtazama mumewe usoni kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Basi nimalizie," akasema Profesa, machozi ya kicheko yakimtoka, "ili mgeni wetu aandike vizuri kwamba nafundisha katika mazingira magumu." Akarudi kwenye Kiingereza: "Hutaniacha peke yangu hapa miaka miwili?"

"Yes."

Hapo nyumba ikalipuka. Watu walishikana mikono, wengine walipiga miguu chini. Profesa akainuka kitini, akawapungia kama aliyefunga goli.

Mgeni peke yake hakucheka. Aliweka kijiko chini, akaushika mkono wa Bi Yes kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kiingereza:

"Hongera sana, mama! Unasafiri lini?"

"Jumatatu," akajibu Bi Yes, akamwongezea mchuzi.

Profesa alikuwa bado anacheka.