Bangili ya Dalali Lubinza

Dalali wa vitalu vya dhahabu akimficha mteja kasoro, adhabu yake ilikuwa mwaka mzima wa kuvaa bangili. Chochote atakachotaka kukisifu, hata nyumbani, lazima ataje kwanza kasoro yake, na akidanganya bangili hulia. Lubinza alikuwa amebakiza miezi miwili. Mkewe alishaacha kumuuliza kama mboga imekolea.

Ndipo posa ya binti yao, Nyamizi, ikaja.

"Hebu tusifie binti yako, mzee mwenzetu," mshenga alisema, akijiweka sawa kitini.

Mke wa Lubinza akaikodolea macho bangili. Nyuma ya pazia, Nyamizi alijiziba mdomo asicheke.

"Kasoro anayo moja tu," Lubinza alijibu taratibu. "Anamwamini mno baba yake."

Wageni wakaangua kicheko, mshenga akajipiga paja. Bangili haikulia.

Nyuma ya pazia, Nyamizi akashusha mkono mdomoni. Alikumbuka zile karatasi za kitalu alizotia sahihi juzi bila kuzisoma, kwa kuwa aliyempa ni baba.