Mto Usiokuwa Kwenye Filamu

Filamu yenyewe haikuwa na mto hata mmoja. Mto aliutia Orpah kwa mdomo wake.

Alikuwa ameketi kando ya skrini, maikrofoni mkononi, ndani ya banda la video pale Birongo. Ilikuwa Jumapili alasiri. Wakatoliki walikuwa wametoka misa, Wasabato hawakuwa na kazi, madirisha yamezibwa kwa magunia na watu wamejaa mpaka mlangoni. Kazi yake ilikuwa ile ile ya kila wiki: filamu ya Kizungu ikipita, yeye anaisimulia kwa Ekegusii. Ya leo ilihusu msichana wa kawaida tu. Dada yake anafia kiwandani, kisha radi inampiga yeye, na kuanzia hapo anarusha magari kama wewe unavyorusha ganda la ndizi.

"Huyu dada hakufia kiwandani," Orpah alisema. "Msidanganywe na picha. Alifia mtoni, chini ya mashamba ya chai."

Waliokuwa wakicheka nyuma wakanyamaza. Nani asiyemjua Jacinta, mdogo wake Orpah, aliyeokotwa mtoni mwezi wa nne na alama za vidole shingoni? Wakubwa wakasema aliteleza. Aliteleza! Orpah alilia mpaka machozi yakamkauka, akabaki na haja moja tu rohoni: amjue aliyefanya vile, na watu wote wamjue.

Na jina lilikuwapo. Ratemo, mume wa Jacinta. Osoro, mume wa Orpah, ndiye aliyelitaja kwanza, palepale matangani. "Mwanamume asiyemlilia mkewe ana lake," alisema, na jina likajitembelea lenyewe sokoni. Lisemwalo lipo. Tena Jacinta, wiki ile ile ya kufa kwake, alikuwa amempigia dada yake simu: nina neno la kukuambia ana kwa ana, wewe peke yako. Neno gani la siri atakuwa nalo mke wa mtu, kama si la mumewe? Orpah hakuhitaji mganga wa kumwagulia hilo.

Wakapanga yeye na Osoro. Mwenye hatia hawezi kusikia kitendo chake kikisimuliwa mbele za watu akatulia. Osoro akamwendea Ratemo nyumbani, akamwambia njoo utazame filamu upumzishe akili, akamketisha benchi la mbele. Mlangoni walisimama vijana wa soko, na hao hawakuja kutazama filamu. Walikuwa wakingoja ishara.

Watu wa Birongo hawamsamehei msimulizi. Sema gari ni jeupe kumbe ni la kijivu, banda zima litakurekebisha. Mwite mtu binamu kumbe ni mjomba, atainuka mama mmoja akutengeneze hapo hapo. Leo hakuna aliyemkosoa. Waliketi wakimtazama Orpah kuliko skrini, na nyuma yao Osoro alisimama kando ya mashine, amekunja mikono.

Kwenye skrini msichana alipiga magoti kando ya maiti ya dada yake. Viganja vyake vikaanza kuwaka.

"Hizi si nguvu za radi," Orpah alisema. "Huu ni uchungu. Kuanzia leo, akimtazama muuaji usoni, atamjua. Sikilizeni. Jioni ile dada alishika njia ya mtoni. Mtu akamfuata. Alikuwa mtu anayemfahamu, maana hakukimbia. Akamkaba shingo. Dada hakusema neno. Alikufa kimya, kama mwanakondoo."

Shujaa akageuka. Uso wake ukajaa skrini nzima, macho yakiwaka.

"Anamtafuta," Orpah alisema. "Na yumo humu ndani."

Ratemo alisimama.

"Shemeji, inatosha," alisema. "Mimi siwezi."

Akaanza kutoka, akikanyaga miguu ya watu bila hata kuomba radhi.

Basi, ni yeye. Orpah alihisi kifua kikimfunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kweli. Akawatazama vijana mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

Banda likabaki tupu kabla filamu haijafika nusu. Mabenchi yalilala chali. Nje filimbi zililia, miguu ikashuka mbio kuelekea mashamba ya chai, na jina la Ratemo likaitwa na sauti nyingi, za wanaume na za wanawake. Kwenye skrini yule msichana aliendelea kuruka juu ya mji, hana wa kumtazama.

Osoro alikuja mbele polepole. Akavua koti lake akamfunika mkewe mabegani, akamsugua mgongo kama alivyomsugua usiku wote wa matanga.

"Umefanya vizuri, Mama Nyamusi," alisema. "Sasa Jacinta atapumzika."

Orpah alimwegemea mumewe, akalia kwa sauti, machozi aliyodhani yamekwisha. Kule chini kelele zilipanda, zikapanda tena, kisha zikakatika zote kwa pamoja.

Osoro alisikiliza kidogo. Halafu akainama akaanza kukunja waya wa maikrofoni.

"Ila pale umekosea," alisema kwa upole. "Hakufa kimya. Alikuwa anakuita wewe."